Ndege ya Kaka Frederick

Hivi ni akili gani hii jamani, mgonjwa kashapakiwa kwenye gari, halafu gari linapelekwa kusubiri ndege! Dorika alilisema hilo kimoyomoyo kwanza, kisha kwa sauti, na mama yake akamkata jicho.

Baba yao, mzee Efraimu, alikuwa amelazwa kiti cha nyuma cha Noah ya jirani yao Ebeneza. Asubuhi alianguka akiwa zizini, wakamwinua mdomo umekwenda upande na mkono wa kulia hausikii kitu. Ebeneza alikuja mbio, tayari kwa safari ya Njombe, lami tupu, saa moja hivi. Ndipo Frederick alipopiga simu kutoka Dar.

"Msimtikise mzee na barabara! Nimeangalia mtandaoni. Uwanja wa Makambako hadi uwanja wa Njombe ni robo saa tu angani. Kuna watu wana ndege, nimeshaongea nao. Nendeni uwanjani mkasubiri."

Kaka mkubwa kasema. Katika nyumba ile Frederick akishasema, nani tena afungue mdomo? Wakaenda uwanjani: upepo wa baridi na ng'ombe wa watu wakila majani katikati ya njia ya kurukia.

Dorika alipiga simu. "Inakuja," alisema Frederick. Akapiga tena. "Wanajaza mafuta Iringa. Mbona una haraka hivyo?"

Haraka! Baba mate yanamchuruzika, yeye anaulizwa haraka ya nini! Hasira ilimpanda hadi masikio yakawaka moto.

"Mama, twende."

"Kaka yako atasema tumemdharau."

"Na aseme! Aseme mpaka koo limkauke! Huyu ni baba, siyo kreti la maparachichi la kusubirishwa mnunuzi! Ebeneza, washa gari."

Ebeneza alimtazama mama. Mama alitazama juu, hakukuwa na kitu. Mzee akajaribu kusema neno, ikatoka sauti tu, nzito, isiyoeleweka. Hapo mama akajifunga kitenge upya, akapanda garini.

Walifika Njombe mchana umeshasogea. Daktari, binti mdogo tu, alimpima mzee, akauliza hali hiyo imeanza lini.

"Asubuhi, kabla ya kukamua."

"Mnatoka wapi?"

"Makambako."

"Makambako hapo? Muda wote huo mlikuwa mnafanya nini?" Hakungoja jibu. "Mngewahi, pengine tungeokoa kusema kwake. Sasa sitaki niwadanganye."

Dorika alikuwa bado hajapata pa kuificha sura yake simu ilipoita.

"Ndege imeshindikana leo, ni kesho," alisema Frederick. "Vumilieni. Hebu mpe mzee simu nimsalimie."

Dorika aliiweka simu sikioni mwa baba.

"Shikamoo, baba."

Mzee alifungua mdomo, akahangaika, ikatoka ile sauti.

"Haloo? Haloo? Nani huyo?"

Dorika aliinama karibu na simu.

"Ni baba yako," alisema. "Ndivyo anavyoongea sasa."