Pengo la Tenywa

Kwa miaka tisa bigwala hazikusikika kijijini Nambote. Mabaragumu yale ya vibuyu vyenye shingo ndefu yaliliwa na panya darini, na mbegu zake nazo zikapotea, kwani nani apande kibuyu kisicholika wakati kiwanda kinanunua miwa?

Naigaga alipanda. Alikuwa mjane wa miaka hamsini na ushei, binti wa marehemu Mukembo aliyewaongoza wapulizaji enzi zao. Alipata mbegu saba kwa shangazi yake ng'ambo ya mto, akang'oa mistari miwili ya miwa, akazifukia.

"Mjane amerogwa!" majirani walicheka. "Anang'oa sukari apande mabomba!"

Vibuyu vilitambaa, vikarefuka kama mikono ya mtu. Akavikausha kwa moshi wa jikoni, akavikata na kuviunganisha kama alivyomwona baba yake akifanya, kisha akayabeba mabaragumu matano hadi kwa mzee Balikowa, mwanafunzi wa mwisho wa Mukembo. Balikowa alipuliza moja. Likanguruma. Mzee akageukia ukuta, akapangusa macho.

"Mwezi ujao tunamtawaza mkuu wa ukoo," alisema hatimaye. "Tutapuliza."

Wakakusanyika wanaume watano, Balikowa mwenyewe na Tenywa, shemeji yake Naigaga, wakiwemo, wakawa wanafanya mazoezi uani kwa Naigaga. Kila baragumu lina sauti moja tu, na kila mtu huingia zamu yake inapofika. Akikosa mmoja, wimbo hauendi. Naigaga aliwapikia viazi na karanga huku masikio yakiwa kazini.

"Kaka Balikowa," alisema siku moja, "Tenywa anachelewa. Anaingia wenzake wameshapita."

"Dada, wewe lima vibuyu. Kupuliza ni kwa wanaume."

"Kwani kibuyu kinajuaje kuwa midomo ni ya mwanamke?"

Wakacheka, na Tenywa mwenyewe akacheka kuliko wote. Balikowa hakucheka.

Siku mbili kabla ya sherehe, Tenywa alianguka na baiskeli iliyosheheni ndizi, akapoteza meno mawili ya mbele. Hata hivyo siku ilipofika alisimama na wenzake, mdomo umemvimba. Wakaanza. Sauti nne zikaingia, na ya tano ikatoka kama pancha. Wachezaji wakajikwaa. Wakarudia, pancha tena. Minong'ono ikazagaa uwanjani, na mwenye spika za kukodi akaanza kuunganisha nyaya zake.

Tenywa akapenya katikati ya watu hadi walikokaa wanawake, akamnyooshea Naigaga baragumu.

"Shika, shemeji. Kila nilipokosea pale uani kwako, nilikuona unapuliza hewa kwa midomo mitupu. Na hukukosea hata mara moja."

"Mwiko huo!" alifoka mzee mmoja.

Naigaga akainuka, akamtazama Balikowa. "Kaka, nisimame au nikae?"

Balikowa akashusha baragumu lake. Akasema kwa sauti iliyofika hadi barabarani, "Aliyenifundisha mimi ndiye aliyemzaa huyu. Njoo, binti Mukembo. Unatuchelewesha!"

Naigaga akalipokea baragumu, akapuliza. Sauti ya tano ikaingia pale pale ilipotakiwa, nzito, ya moto, na wimbo ukasimama kwa miguu yake. Ngoma zikaudaka. Vigelegele vikapasuka. Vikongwe waliokuja kwa fimbo walizitupa wakatikisa viuno, na mkuu mpya akashuka kitini bila kungoja kuruhusiwa, akacheza na joho lake. Naigaga alihisi kifua kimepanuka, kana kwamba kwa miaka yote hiyo alikuwa akipumua nusu nusu. Mzee aliyepiga kelele za mwiko alionekana akicheza peke yake, macho ameyafumba. Spika hazikuwashwa.

Kesho yake asubuhi, kabla hajaota moto, Naigaga alikuta wanawake kumi na mmoja mlangoni wakitaka mbegu. Mbele yao alisimama Balikowa na mabinti zake wawili.

"Hawa wana mapafu," alisema mzee. "Uwafundishe wewe. Mimi nina haraka, nitawaharibu."

Mavuno yaliyofuata, Nambote ilipuliza kwa watu kumi na watano, wanane wanawake, na vijiji vya jirani vikaja kuomba mbegu. Aliyewaongoza alikuwa Naigaga.