Zamu ya Kuugua

Kufa kufaana, walisema wahenga, na meneja wa kiwanda cha ngozi aliielewa methali hiyo kuliko wao wenyewe. Korona ilipoingia, watu walilia. Yeye alishusha pumzi. Mtambo wa kusafisha maji machafu, ambao idara ya mazingira ilimtaka ausimike kabla ya mwisho wa mwaka, alikuwa hata hajauagiza. Akaandika barua: mtambo umekwama bandarini, korona hii. Akaongezewa muda. Akaandika tena: mafundi wamefungiwa kwao, korona hii. Akaongezewa tena. Wafanyakazi wakambandika jina la Nyongeza, ingawa nyongeza ya mishahara hawakuwahi kuiona.

Wakaguzi walipoanza kuja, Nyongeza alikuwa na dawa yao: zamu ya kuugua. Mkaguzi akipiga simu kwamba yuko njiani, mfanyakazi mmoja anatajwa mgonjwa, geti linafungwa, bango linatundikwa, na mkaguzi anageuza gari. Karani aliugua. Dereva aliugua. Lakini aliyeugua kupita wote ni mlinzi, maana kikohozi alikuwa nacho tayari, hakuhitaji kufundishwa.

Na bwawa je? Jamani, bwawa lile! Lilikuwa pale nyuma, limejaa maji meusi yenye povu, na uvundo wake ulimpokea mgeni kabla ya mlinzi. Mvua ikinyesha, lilifurika likamwagikia kijito wanachotumia watu. Nyongeza alikuwa akifunga dirisha, basi.

Mkosi ukaja wiki ya harusi. Binti yake wa pekee, ambaye harusi yake ilishaahirishwa na korona mara mbili, sasa alikuwa anaolewa Jumamosi, na Jumapili angesafiri na mumewe kwenda mbali.

"Baba, ukichelewa na hii, sitakusamehe," alimwambia, nusu utani.

"Mwanangu, mengine nachelewa. Kukukabidhi wewe, nitafika kabla ya bwana harusi."

Ijumaa mchana mkaguzi akapiga simu: niko njiani. Nyongeza hakufikiri mara mbili. "Mlinzi, ugua!" Mlinzi akaugua. Geti likafungwa.

Lakini mkaguzi wa safari hii, mama mmoja mpole mwenye buti za mpira, hakugeuza gari. Alikuja na bwana afya.

"Poleni na mgonjwa," bwana afya akasema kupitia nondo za geti. "Kuna amri mpya. Waliokuwa na mgonjwa hawatoki mpaka wapimwe."

"Tupimeni basi! Kesho namwoza binti yangu!"

"Vipimo vimekwama bandarini, mzee. Unaijua korona hii, imechelewesha kila kitu."

Nyongeza akageuka kuitazama ofisi alikoandikia barua zake. Maneno yalikuwa yake mwenyewe.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Sasa huyu aliyetangaza maradhi yasiyokuwepo, mwacheni alale juu ya meza ya ofisi, amepakana na bwawa lake. Asubuhi mkewe alimletea suti, akaipitisha juu ya geti, akaondoka bila kumtazama. Heri angemtukana.

Bwana afya na mkaguzi waliporudi, walimkuta Nyongeza ndani ya suti, kashika nondo.

"Hakuna mgonjwa! Nilidanganya!"

"Wote husema hivyo wakichoka kukaa ndani," bwana afya akasema.

Hapo mlinzi akakohoa. Si kikohozi cha zamu; kilimkunja hadi akashika ukuta. Bwana afya akarudi nyuma.

"Na hicho?"

"Hicho si korona! Anacho tangu zamani! Ni cha bwawa! Mvuke wake unamkaba, hata mimi nimekohoa usiku kucha!"

Kauli ikishatoka hairudi. Mlinzi akajifuta mdomo, akamtazama.

"Kumbe ulikuwa unajua, bosi."

Nyongeza akainamisha kichwa. Aibu ilimshika kweli, nayo pia ilikuwa imechelewa.

"Fungua geti, mzee," mkaguzi akasema. "Tukalione hilo bwawa."

Bwana afya akampeleka mlinzi hospitali akaangaliwe kifua, wengine waliofungiwa ndani akawaachia. Nyongeza akamfuata mkaguzi mbiombio, viatu vya harusi vikizama kwenye tope.

"Mama yangu, naomba saa moja tu. Nimkabidhi binti yangu, nirudi."

"Sampuli haichukuliwi bila meneja kuwepo. Na ukinitoka leo, mzee, nitakupata lini?"

Swali zuri. Simu ikalia.

"Baba, karani wako amefika, dereva wako amefika. Wewe uko wapi?" Sauti ya binti ilikuwa inakatika kwa kilio. "Baba mdogo amesimama mahali pako. Tukusubiri kidogo?"

Mkaguzi alikuwa amechutama, maji meusi yakiingia polepole kwenye chupa. Chupa tupu zilikuwa zimebaki nyingi, na nyuma ya bwawa kulikuwa na bwawa jingine. Nyongeza alijua hilo pia.

"Msinisubiri, mwanangu," akasema.