Fisi wa Raundi ya Mwisho

Ndulu alivunjika mguu akishuka ngazi za ploti ya ghorofa alikopanga Kitengela, na kwa miezi kadhaa dunia yake ikawa kitanda, dirisha na simu. Mumewe alishafariki. Binti yake, Judy, alifanya kazi Kajiado mjini na alikuja Jumapili, mara nyingi akiwa na haraka. Siku moja alimwekea mama yake mchezo kwenye simu ili asichoke na ukuta.

Mchezo uliitwa Boma. Unajenga ua wa miiba, unasimamisha minara ya walinzi, unafuga mbwa, halafu fisi wanakuja kwa makundi, raundi baada ya raundi. Wakiwafikia mbuzi, umeshindwa.

Ndulu alishindwa kutwa nzima, na akaupenda. Palikuwa na mahali pa kuandika maoni, na hapakuwa na neno la mtu yeyote. Alimwonea huruma aliyeutengeneza. Akaandika kwamba mbuzi wamechorwa vizuri na minara inaeleweka haraka. Ila raundi ya nne fisi wanatokea nyuma bila dalili, na mchezaji akishindwa hajui alikosea wapi. Je, mbwa wangebweka kwanza?

Jibu lilitoka kwa kijana wa Kiserian aitwaye Irungu. "Bro, fisi hawapigi hodi. Hiyo nimeweka makusudi."

Ndulu alicheka peke yake mle chumbani. Hakumsahihisha. Alimjibu kwamba fisi hapigi hodi, lakini mbwa ananusa. Irungu akabisha, Ndulu akabisha, na toleo lililofuata mbwa walibweka.

Tangu hapo walizozana juu ya kila kitu: bei ya miiba, giza la usiku wa mchezo, maandishi madogo mno. Akiamka, alishika simu kabla ya kushika magongo. Irungu aliwahi kumwambia kwamba alitaka kuacha, ila malalamiko ya Ndulu ndiyo yaliyomrudisha kazini, kwa sababu hakuna mtu mwingine aliyekuwa anacheza. Ujumbe huo Ndulu aliusoma mara nyingi.

Plasta ya mguu ilipotolewa, Irungu alikuwa anaonyesha mchezo wake kwenye ukumbi mmoja Kajiado, na akamwalika. Ndulu alienda na mkongojo. Alimkuta kijana mwembamba akiunganisha nyaya.

"Mimi ndiye Ndulu," alisema.

Irungu alivua kofia. Alimpa mikono yote miwili, akamletea kiti na soda, akaomba radhi kwa kumwita bro muda wote ule. Ndulu alimwambia hakuna ubaya. Wakatafuta la kuzungumza wasilipate, kisha vijana wengine wakamwita Irungu. Ndulu alikaa na soda yake hadi Judy alipotoka kazini.

Baada ya hapo majibu yalibadilika. Asante sana mama. Nitarekebisha leo mama. Ndulu akamjaribu: akapendekeza fisi mkubwa wa raundi ya mwisho aondolewe, ushauri mbaya kabisa. Irungu akamwondoa, na mchezo ukapoa.

"Irungu, nibishie kama zamani," aliandika.

"Siwezi kukukosea heshima mama. Sikulelewa hivyo."

Ndulu aliweka simu kitandani. Nje upepo ulikuwa unapeperusha vumbi, na mbuzi wa mtu walipita katikati ya maghorofa. Siku zilizofuata hakuandika chochote. Irungu alimuuliza tu kama mguu unaendelea vizuri.

Asubuhi moja akafungua akaunti nyingine, akajiita Msumbufu. Aliandika kwamba raundi ya mwisho imekuwa uji, na kwamba kumtoa yule fisi mkubwa ni uoga. Jibu lilimfikia chai ikiwa bado ya moto.

"Wewe umecheza mara ngapi ndio uanze kunifunza? Huyo fisi alitolewa na mtu anaelewa hii game kukushinda. Huyo mtu alicheza wakati nyinyi wote hamkuwepo."

Ndulu alilisoma, akalisoma tena. Macho yalimlowa, akayafuta kwa ncha ya leso. Kisha akausogeza mguu mahali ambapo hauumi, akaanza kumwandikia kwamba huyo mtu alikosea, na sababu zake.