Nikihitaji Kiti, Nimpigie Nani?

Dada Tovuti alifika ukumbini na vitu vyake vya siku zote: kompyuta ndani ya mkoba, kalamu nene za wino, na bunda la karatasi za njano zenye gundi nyuma. Jina hilo alipewa na vikundi alivyovisaidia, kwa sababu kazi yake katika ofisi ya vikundi vya kujitolea ilikuwa hiyo tu, kuwasaidia watu wema kupanga na kutengeneza tovuti zao. Watu wema walikuwa wamemchosha. Alikwisha kuwasaidia wanakwaya, wafuga nyuki na wachimba visima, na kote huko walitaka kitu kimoja: picha ya mwenyekiti iwe kubwa.

Kikundi cha safari hii kiliwaazima wagonjwa na wazee viti vya magurudumu. Viti vilikuwepo vya kutosha, vimepangwa stoo nyuma ya ukumbi, vingine bado vimevikwa nailoni vilivyokuja nayo.

"Kila karatasi," Dada Tovuti aliwaeleza wanakamati, "muandike jambo moja ambalo mtu anayewatafuta angependa kulijua. Halafu tunabandika ukutani. La juu kabisa ndilo litakaloonekana kwanza."

Waliandika kwa bidii. Salamu za mwenyekiti. Historia ya kikundi. Dira. Dhamira. Picha ya kamati siku ya kufungua stoo. Picha nyingine ya kamati, imekaa. Namba ya simu haikumjia mtu akilini. Dada Tovuti akajikaza kisabuni, akachukua karatasi moja akaandika mwenyewe: Nikihitaji kiti, nimpigie nani? Mwenyekiti aliisoma kwa sauti, akasema hilo ni swali zuri sana, akaibandika chini kabisa, karibu na soketi ya umeme.

Walipokutana tena, karatasi ile ilikuwa juu kabisa ya ukuta. Salamu za mwenyekiti zilikuwa sakafuni, zimejikunja.

"Imepanda," alisema katibu, mama mmoja mwenye miwani ya kuning'inia kifuani, kama anayesema chai imepoa.

"Basi ishusheni," alisema mwenyekiti.

Mzee wa stoo akaleta ngazi, karatasi ikashushwa. Ikapanda tena. Waliiongezea gundi, ikapanda na gundi yake, ikiacha mchirizi ukutani. Wakaipigilia msumari, ikapanda na msumari. Dada Tovuti hakuona ajabu. Kwenye kikundi cha wazazi wa watoto viziwi, karatasi kama hiyo ilihamia mlango wa choo, mahali pekee ambapo kila mtu angeisoma, nao wakaupaka mlango rangi. Kilichomkera hapa ni ngazi. Kila mkutano ulianza kwa kutafuta ngazi, kubishana nani aishikilie, na kumwambia mzee wa stoo awe mwangalifu, na hadi hapo chai ilikuwa imeshaletwa na hakuna aliyekumbuka wamefikia wapi.

Dirisha la ukumbi lilitazamana na kibanda cha fundi cherehani. Fundi huyo alikuwa na mama yake mzee ambaye miguu ilikuwa imemgomea, na siku za kliniki alimbeba mgongoni. Mama alikuwa mzito na mcheshi. Akiwa huko juu aliitikia shikamoo za mtaa mzima, akauliza hali za watoto, akamgombeza mwanawe akiyumba: "Nenda sawa bwana, mimi si gunia." Fundi alikuwa amepinda kiasi kwamba hata akikaa kushona, sindano aliitazama kwa upande.

Siku moja alikwenda kugonga stoo. Dada Tovuti alikuwepo, anapima mtandao unashika wapi, akayasikia yote.

"Zamani ningekupa hapa hapa," mzee wa stoo alimwambia fundi, kwa huruma ya kweli. "Ungegonga, ningekutolea, tungeagana. Lakini sasa tovuti inakuja. Kamati imesema maombi yote yapitie huko."

"Inakuja lini?"

Mzee akanyoosha kidole. "Muulize dada huyo."

Fundi alimtazama Dada Tovuti, wala hakuuliza. Angeuliza ingekuwa afadhali. Tangu hapo, kamati ilipokaa kubishania bluu ya bahari na bluu ya mbingu, Dada Tovuti aliliona dirisha tu, na nje ya dirisha mama mzima amebebwa mgongoni kama mtoto, na hasira ikampanda. Kumbe alikuwa amekuja kufungua mlango, na mlango wenyewe ulikuwa wazi kabla hajaja.

"Nipeni namba ya simu," alisema. "Moja tu. Nikiipata, tovuti inakwisha leo."

Mwenyekiti alisema namba yake ni ya mambo ya uongozi. Katibu alisema mume wake hapendi simu za watu asiowajua. Mhazini alisema yeye kila namba anayopiga haipatikani, sembuse kupigiwa. Mzee wa stoo, ambaye ndiye aliyekuwa na ufunguo na simu muda wote, alisema namba yake ipo, lakini yeye si mwanakamati, na kamati ikakubaliana naye kwa kauli moja.

Mwishowe wakaona dawa ni fomu. Mwenye shida ataijaza kwenye tovuti, nayo itakwenda kwenye barua pepe ya kikundi.

"Neno la siri la hiyo barua pepe analo nani?" Dada Tovuti aliuliza.

Analo katibu wa zamani, wakamwambia. Huyo aligombana na kamati, akaondoka na neno la siri kama mtu anavyoondoka na sufuria zake.

"Basi tufungue barua pepe mpya. Ni kazi ya kufumba na kufumbua."

"Haiwezekani," alisema mwenyekiti, akaonyesha ukutani. "Ile ya zamani ndiyo imechapwa kwenye kalenda zetu."

Dada Tovuti aliangalia kalenda. Ilikuwa ya mwaka uliopita. Akafunga kompyuta taratibu, maana angeifunga kwa namna alivyojisikia ingevunjika.

Siku ya uzinduzi walileta vipaza sauti, soda, na mashine ya kuangaza picha ukutani. Uso wa mwenyekiti ulijaa ukuta, sikio moja likaingia kwenye pazia. Karatasi ya njano ikapanda na msumari wake hadi kwenye pua. Mzee wa stoo alisimama kwenda kuchukua ngazi, mwenyekiti akamwashiria aiache.

Fundi cherehani akaingia, mama yake mgongoni. Walikuwa wamesikia kwamba tovuti imefika.

"Shikamoo mama," mwenyekiti alisema kwenye kipaza sauti. "Ndugu zangu, huyu ndiye mtumiaji wetu wa kwanza!"

"Marahaba," alisema mama kutoka juu. Wakamkaribisha akae. "Ahsanteni, nikikaa kuninyanyua ni kazi. Acha tu, aandike hivi hivi."

Fundi akaandika kwa mkono mmoja, mwingine umeshika goti la mama. Jina, mahali, aina ya kiti. Alipobonyeza, ukuta mzima ukaandika: Asante kwa kututembelea. Tutawasiliana nawe. Watu wakapiga makofi, na mama naye akapiga.

"Tutawasiliana, yaani nani?" aliuliza makofi yalipokwisha.

"Swali zuri sana," alisema mwenyekiti.

Karatasi ikateremka ukutani. Ikapita sakafuni kati ya viatu vya wageni, ikaacha msumari karibu na meza ya soda, ikapanda suruali ya fundi, ikajilaza mgongoni mwa mama. Watu wakasogeza viti kuipisha. Kisha mwenyekiti akasimama karibu na mama na fundi, wakapigwa picha.

Dada Tovuti alimfuata mzee wa stoo mlangoni.

"Mzee wangu, viti si viko hapo nyuma yako?"

"Vipo, mwanangu. Leo asubuhi nimevifuta vumbi."

"Mpe kimoja."

"Nitampa. Ameshatuma ombi, si umeona? Likifika tu namtolea." Alisema hivyo akiwa na ufunguo mkononi, na machozi yakimlengalenga.

Dada Tovuti akarudi mbio kwa fundi na kalamu yake nene. Alitaka kuandika namba yake mwenyewe kwenye karatasi, chini ya lile swali. Mama akageuza shingo.

"Unaandika nini huko nyuma?"

"Namba yangu, mama. Watu wapate wa kumpigia."

"Wewe una viti?"

"Sina, mama."

"Basi usiandike, mwanangu. Utapigiwa bure."

Wakatoka, fundi akishuka ngazi za ukumbi kwa mguu mmoja mmoja, mama akiwaaga watu. Picha ya siku hiyo ikawekwa mwanzo wa tovuti, chini ya ile kubwa. Mwenyekiti anatabasamu. Kamati iliridhika nayo sana.

Siku za kliniki mama bado hupita mbele ya ukumbi akiwa mgongoni mwa mwanawe, na karatasi iko mgongoni mwake. Fundi ameipiga pindo pande zote isichanike. Wanaotembea nyuma yao huisoma hadi kona ya zahanati, na wenye adabu humwita mama na kumjibu kwamba na wao hawajui.