Nyumba Namba Kumi na Tisa

Jumatatu moja, Agosti 1974, Nesta alikuwa nyuma ya nyumba namba kumi na tisa akichimba udongo wa vyungu. Nyumba aliijenga mwenyewe, baada ya mgambo kuichoma ile ya bondeni na kumpandisha huku mlimani, kwenye mstari wa nyumba za kijiji kipya cha ujamaa. Bondeni alikuwa ameacha mibuni yake na kaburi la mumewe, Lusubilo, na haikupita siku bila kulililia.

Shimo lilipofika kiunoni, jembe liligusa utando wa udongo wa kijivu, laini kuliko unga wa ulezi. Chini yake mwamba uling'aa kama chungu kilichosuguliwa kwa kokoto. Ulikuwa na mikwaruzo, yote imelala upande mmoja. Nesta aliifuata kwa kidole, kisha kwa macho, ikamfikisha kwenye mibuni yake. Mfinyanzi haelezwi mambo haya: udongo wa juu unateleza, mwamba wa chini umegoma, utando wa katikati unasagika. Basi akajaza kikapu, akafukia shimo, akanyamaza zake.

Kesho yake nyumba ilikuwa imeshuka hatua moja. Ikawa hivyo kila siku, isipokuwa Jumapili. Maji mtungini hayakumwagika. Enesi, jirani wa namba ishirini, alikuwa akija kuomba moto, na kila asubuhi safari yake ikarefuka.

"Mama Osea, leo umefika wapi?"

"Nimepita kichuguu."

"Haya. Kesho nitatoka mapema."

Mwaka uliofuata, kahawa ikiwa imeiva, nyumba ilisimama kando ya kaburi. Nesta alilifagia, akakaa chini, akalia kwa furaha mpaka akaona njaa.

Wiki haikuisha, Katibu wa kijiji akateremka na ramani na mgambo wawili.

"Mama, nyumba yako imetoka kwenye mstari."

"Sikuitoa mimi, Bwana Katibu. Ni mlima."

Katibu aliangalia nyumba, akaangalia mlima, akakunja ramani. "Mlima nao tutauandikia barua. Wewe panda."

Wakaibomoa. Nguzo walibeba mgambo, nyasi za paa akabeba Nesta. Akajenga tena kule juu, palepale kwenye mstari, na kesho yake nyumba ikashuka hatua moja.

Ilifika bondeni mara nane, ikabomolewa mara nane. Mara ya tisa Nesta alifariki ikiwa imefika kwenye kichuguu. Mwanawe Osea aliomba amzike kwa baba yake. Katibu alimpa pole, tena kwa moyo, akamwonyesha makaburi ya kijiji kule juu, yaliyopangwa kwa mstari. Osea alipochimba alikuta mwamba unang'aa. Akamlaza mama yake juu yake, akafukia, akanyamaza zake.

Mwaka uliofuata, mwezi wa sita, kaburi la Nesta lilikuwa limebakiza hatua nne kumfikia Lusubilo. Ndipo Katibu akateremka na ramani, na mgambo wawili wenye majembe.