Mtaa Usiopiga Simu

Mimi kiti hunichoma. Hata siku za amani napokea simu nimesimama na kusaini barua nikitembea, na ofisini wananiita Kiguu na Njia wakidhani sisikii. Sasa mchukue mtu wa namna hiyo, mpe mji uliotikiswa kwa sekunde arobaini, makatapila mawili na magari manne ya wagonjwa, halafu umwambie: amua nani afukuliwe kwanza. Ndivyo nilivyoamka siku iliyofuata tetemeko, kama naweza kusema niliamka, maana sikuwa nimelala.

Jengo la halmashauri lilikuwa limepasuka ngazi, kwa hiyo tulihamia bwalo la chuo cha ufundi. Meza za kulia chakula zikawa za kazi, bado zinanata sukari ya chai. Ukutani tulibandika ramani ya mji kwa plasta za hospitali. Simu ya kuomba msaada ikiingia, mpokea simu wetu alitaja mtaa, nami nikachomeka pini nyekundu. Tulimwita Kasuku kwa sababu hurudia kila unachomwambia kabla ya kuandika. Palipojaa pini ndipo katapila lilipokwenda. Ulikuwa utaratibu mwepesi, na niliupenda kwa hilo.

Kulikuwa na utaratibu mwingine, huu nilioutunga mwenyewe: hakuna ndugu mezani. Miaka mitatu nyuma, wakati wa mafuriko, aliyekuwa na kazi yangu alipeleka boti ya kwanza kwa mjomba wake. Ikambeba mjomba, friji na mbuzi wawili, huku watu wako juu ya mapaa wanapunga mashuka. Niliporithi kazi ile niliapa kwamba mimi hakuna atakayenikuta na mbuzi wa mjomba. Mwenye ndugu chini ya kifusi ajaze fomu kwa Kasuku, asubiri kama wengine. Nilijivunia sana kanuni hiyo, na mgeni akiingia nilimweleza kabla hajauliza.

Saa mbili asubuhi akaingia shemeji yangu, mume wa mdogo wangu, fundi bomba, mtu mpole ambaye ukimkanyaga yeye ndiye anayeomba radhi. Mikono yake ilikuwa imechunika mpaka kwenye viganja. Alikuwa amechimba usiku kucha, kisha akashuka kwa miguu kutoka mtaa wa machimbo ya mawe.

"Shemeji, wako hai," alisema. "Mke wangu na mama. Nawasikia wote wawili. Ila kuna zege juu yao, siwezi peke yangu. Nipe katapila, saa moja tu."

Mdogo wangu nimembeba mgongoni. Na huyo mama, mama yake shemeji, ndiye aliyenifundisha kushona vifungo alipoona navaa koti lenye pini ya kufunga. Nilitaka kukimbia. Badala yake niligeuka nikatazama ramani, maana nilihisi macho ya bwalo zima mgongoni.

"Nyumba ngapi zimeanguka kule?"

"Mtaa mzima umelala, shemeji. Wote."

Kila mwenye ndugu husema hivyo. Tangu jana yake nilishaambiwa mara sita kwamba mtaa mzima umelala, tukaenda tukakuta ukuta mmoja na jiko. Nikatazama mtaa wa machimbo kwenye ramani. Ulikuwa mweupe, hauna pini hata moja.

"Mbona hawajapiga simu?"

"Simu hazishiki kule."

"Hazishiki mji mzima, shemeji. Watu wanahangaika mpaka wanapata." Nilisikia sauti yangu ikipanda, ile sauti ya kusemea watu wengine wasikie. "Sokoni nina pini kumi na tisa. Nikikupa wewe, hawa wote watasema nini? Jaza fomu kwa Kasuku."

Alinitazama kidogo, kama mtu anayesubiri nimalize utani. Kisha akajaza fomu. Kasuku akarudia kila neno, watu wawili, wako hai, wanasikika, na mimi nikapaza sauti kuuliza dereva wa pili yuko wapi ili nisisikie. Shemeji akaondoka na koleo moja tulilompa. Koleo moja, Mungu anisamehe, na nilijiona nimetenda haki.

Kuanzia hapo sikutulia hata dakika. Nilikwenda dirishani, nikarudi mezani, nikahesabu pini ambazo nilikuwa nimezihesabu. Ardhi ilikuwa bado inatikisika kidogo kidogo, na kila ikitikisika vikombe vilicheza na sote tulishika meza. Kasuku aliniambia, "Dada, machimbo hawajapiga hata mara moja tangu jana. Kimya kingi kina mshindo mkuu." Nikamjibu kwamba kimya maana yake hawana shida. Nilimjibu kwa ukali, na ukali ule haukuwa wa kwake.

Saa saba mchana akaja fundi wa kampuni ya simu kuomba dizeli ya jenereta. Sikuwa nimewahi kumwona kabla ya siku ile. Alipokuwa akisubiri dumu lijae, aliitazama ramani, akacheka kwa uchovu.

"Hizi pini zenu zinaonyesha minara yangu iliyobaki," alisema. "Huku kwenye pini ndiko simu zinashika. Mnara wa machimbo ulianguka dakika ya kwanza. Na kule juu mtaa mzima umelala, nimeuona."

Hajamaliza kusema, nilikuwa nimeshika redio. Katapila la sokoni litoke, liende machimbo, sasa hivi. Dereva akauliza kwa amri ya nani. Nikamtukana tusi ambalo sitaliandika hapa.

Lilifika saa nane. Saa tisa walimtoa mdogo wangu, mguu umevunjika mahali pawili, yuko hai. Mama alikuwa hatua mbili kutoka kwake, chini ya ngazi. Mdogo wangu alisema mama alimgombeza usiku kucha na asubuhi yote asilale, akimwita mvivu, akimwagiza amtajie majina ya watoto wa mtaani mmoja mmoja. Karibu saa sita akanyamaza. Kutoka bwaloni mpaka machimbo ni dakika hamsini kwa katapila. Hesabu hiyo nimeifanya mara nyingi kuliko nilivyofanya hesabu yoyote maishani, na kila mara inatoka ileile.

Wiki tano baadaye mkurugenzi wa halmashauri alitaka niandike mafunzo tuliyoyapata. "Matano," alisema, "yasizidi ukurasa mmoja, na yasimguse mtu." Sijui ni funzo gani hilo lisilomgusa mtu. Manne niliyaandika kwa nusu saa. Makoleo yote yasifungiwe stoo moja yenye ufunguo mmoja, mwenye ufunguo akiwa ndani ya kifusi. Madereva waandikwe pamoja na mahali wanapoishi, na mengine kama hayo. La tano lilinichukua siku tatu. Mwishowe niliandika kwamba mtaa usiopiga simu upelekewe mtu kwa miguu ndani ya saa ya kwanza. Na kwamba taarifa ya ndugu ni taarifa, ipimwe kama ya mtu mwingine yeyote, maana saa mbili asubuhi nilipewa taarifa sahihi nikaikalia mpaka saa saba.

Mkurugenzi alipiga mstari juu yake kwa kalamu ya wino. Akaandika: mawasiliano yaimarishwe.

"Watu watauliza ndugu yupi," alisema.

"Waulize."

"Mama, nakuokoa. Shukuru."

Nilitoka nikauzunguka uwanja wa chuo kama punda wa kinu. Nilijua pia jambo ambalo mkurugenzi hakulijua. Shemeji alikuwa amemwambia mke wake kwamba barabara ilizibwa na mawe na kwamba hakufika kwangu kabisa. Aliniambia mwenyewe siku ya mazishi, kwa sauti ya chini, huku akinishika mkono kana kwamba mimi ndiye mfiwa. Kwa hiyo milango yote miwili ilikuwa imefungwa vizuri, wa ofisini na wa nyumbani, na mimi nilichotakiwa ni kunyamaza tu. Nikashindwa. Taarifa niliyoikalia ilishaua mtu mmoja.

Waliishi kwenye chumba cha kuazimwa nyuma ya karakana. Mdogo wangu alikuwa kitandani, mguu kwenye plasta ngumu mpaka nyonga, anachambua maharage kwenye ungo. Shemeji alikuwa anakata bomba mlangoni. Aliponiona uso alielewa, akatikisa kichwa, kisha akasema kwa nguvu, "Shemeji, karibu! Chai ipo!"

"Dada, kaa basi," mdogo wangu alisema. "Mbona umesimama kama askari?"

"Mume wako alifika kwangu," nikasema. "Saa mbili asubuhi."

"Shemeji, barabara ilikuwa..."

"Haikuwa imezibwa. Alifika, akaniambia mko hai, wewe na mama. Akaomba katapila. Nikampa fomu."

Mdogo wangu aliacha kuchambua. Akamtazama mume wake, na mume wake akatazama bomba.

"Nimeshazika mama, shemeji," alisema. "Undugu wenu nilitaka ubaki."

Nilieleza yote. Mbuzi wa mjomba, pini, watu watasema nini. Kadiri nilivyoeleza ndivyo maneno yalivyozidi kuwa mepesi, mpaka nikaona aibu kuyatoa mdomoni. Mdogo wangu alinisikiliza bila kunikatiza. Alikuwa halii. Alikuwa anafikiri, jambo ambalo sikulitegemea, na aliponiuliza aliuliza taratibu, kama mtu anayetaka kuelewa tu.

"Dada, angekuja mtu baki na maneno hayohayo, ungempa katapila?"

"Alikuja," nikasema. "Saa saba. Nilimwamini kabla hajamaliza."

Aliuweka ungo pembeni.

"Basi siku ile bora nisingekuwa mdogo wako," alisema.

Hakusema kwa hasira. Nikavuta kigoda, nikakaa.