Palipoachwa Katikati

Miezi minne tulicheza watano tukizunguka pengo. Mwalimu Ma, aliyetufundisha dansi, alibandika utepe wa njano katikati ya sakafu akasema pasikanyagwe.

"Ni pa nani?" nikamuuliza.

"Pa hewa. Cheza, Sae-byeok."

Hakuna aliyemwamini. Kampuni ya muziki iliyotuandaa kuwa kundi la wasichana ilituweka nyumba moja mtaani Mapo, ikatupima uzito kila Jumatatu, ikatufundisha hata kucheka mbele ya kamera. Isingeacha sakafu bure. Tukaanza kuangaliana kwa jicho la pembeni. Mmoja wetu anaandaliwa kuwa nyota, tukawaza, na wanne watakuwa pambo lake.

Mimi nilimshuku Yeon-ju. Tulilala dabodeka moja, yeye juu mimi chini, na kila Alhamisi baada ya somo la sauti alipotea saa nzima. Akirudi, anakimbilia kupiga mswaki.

"Ulikuwa wapi?"

"Dukani, dada."

"Mbona huna mfuko?"

"Dada nawe, umekuwa polisi?" Akacheka kile kicheko tulichofundishwa.

Nikamwambia meneja wetu, Bwana Tak, kwamba Yeon-ju ana mwalimu wa siri. Nilitaka tu aniambie si kweli. Akaandika kitu kwenye simu yake, akanishukuru.

Alhamisi iliyofuata akamfuatilia mwenyewe. Alimkuta nyuma ya kituo cha treni, amesimama kibandani anakula tteokbokki, vitafunwa vya mchele tulivyokatazwa, midomo imekuwa myekundu kwa pilipili. Kesho yake godoro la juu lilikuwa limekunjwa.

Jumatatu akaletwa Hae-won, msichana wa matangazo ya sabuni, ambaye sura yake ilibandikwa kwenye kila basi. Mwalimu Ma akabandua utepe, akamsimamisha pale.

"Huyu alichaguliwa lini?" nikamuuliza Bwana Tak.

"Kabla yenu. Hata urefu wenu tulipima kwa kumwangalia yeye."

Hae-won hakujua hatua hata moja. Nikapewa kazi ya kumfundisha. Ana adabu, ananiita dada, na siku moja aliniuliza kitanda chake kilikuwa cha nani.

"Cha mwenzetu. Amerudi kwao Gunsan."

"Aliamua mwenyewe?"

"Ndiyo."

Septemba tukapanda jukwaani. Yeon-ju nimemwandikia mara mbili, amesoma, hajajibu. Na siku hizi nikimwona mwenzangu yeyote anatoka ofisini kwa Bwana Tak, namsalimia vizuri, kisha najiuliza amesema nini.